Fungu la Kila Mmoja: Historia ya Kazi ya Pamoja na Ufanisi katika Mafunzo ya Uhandisi Tanzania, kwa Rejea ya Bugwema na Azimio la Musoma

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kihistoria uhusiano kati ya tabia za kazi ya pamoja na ufanisi wa wanafunzi wa uhandisi nchini Tanzania. Hoja yake kuu ni kwamba ufanisi wa kikundi haukutokana na moyo wa umoja peke yake. Ulitokana na utaratibu uliofanya fungu la kila mshiriki lionekane, lihesabike na lidaiwe. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha nguvukazi ya wanakijiji katika vijiji vya Mara kama vile vya Bugwema, mashamba ya ujamaa ya miaka ya 1970, Azimio la Musoma la mwaka 1974, na mafunzo ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1973. Makala yanaonesha kuwa wazo la wanafunzi kutathminiana lilikuwamo katika falsafa ya elimu ya Tanzania tangu mwaka 1967, lakini halikupata chombo cha kulitekeleza. Yanahitimisha kwamba alama moja ya kikundi, isiyoambatana na ushahidi wa mchango wa kila mmoja, inaendeleza kasoro ambayo historia ya nchi imekwisha kuionesha.

1.0 Utangulizi

Bugwema ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, mkoani Mara, katika ukanda unaopakana na Bunda na Butiama. Bonde lake hutajwa mara kwa mara katika mipango ya kilimo cha umwagiliaji. Kijana wa eneo kama hili anayefanikiwa kufika chuo kikuu kusomea uhandisi huwa amepita katika njia iliyojengwa na mikono mingi. Katika mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zilienea nchini kote kwa kuunganisha fedha za Serikali na nguvu za wananchi. Agizo la kujenga maabara za fizikia, kemia na baiolojia katika shule hizo, ambalo utekelezaji wake ulipamba moto mwaka 2014, nalo liliwaangukia wananchi hao hao. Mchanga, mawe, kokoto na maji vilisombwa na kaya moja moja.

Kijana huyo anapofika chuoni hukutana na kazi ya pamoja ya namna nyingine. Hupangwa katika kikundi cha wanafunzi watano, wanane au zaidi, hupewa zoezi la usanifu au la maabara, na mwishoni kikundi kizima hupata alama moja. Aliyekesha akikokotoa mzigo wa boriti na yule ambaye jina lake liliandikwa tu kwenye jalada la ripoti hutoka na alama ileile. Lugha ya wanafunzi ina neno la kumtaja huyu wa pili: anategea. Neno hilo ni la shambani na la kambini kabla ya kuwa la chuoni, na maana yake haijabadilika.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: kwa nini jamii yenye historia ndefu ya kazi ya pamoja ipate taabu kuifundisha na kuipima kazi hiyo katika vyuo vyake vya uhandisi? Jibu lililozoeleka ni kwamba ubinafsi umeongezeka na umoja wa zamani umepotea. Makala haya hayakubaliani na jibu hilo. Yanadai kwamba umoja wa zamani ulikuwa na hesabu kali ndani yake, na kwamba kilichopotea njiani kutoka kijijini hadi chuoni ni hesabu hiyo.

Uchambuzi umetumia mkabala wa kihistoria na wa kulinganisha. Matini za sera, sheria na taarifa za wazi kuhusu taasisi za elimu ya uhandisi zimesomwa sambamba na matokeo ya tafiti za saikolojia ya kazi zilizofanyika nje ya Afrika. Dhana ya "tabia za kazi ya pamoja" inatumika hapa kumaanisha matendo yanayoonekana ya mshiriki ndani ya kikundi. Haimaanishi hisia zake wala maneno yake kuhusu umoja.

2.0 Nguvukazi: Umoja Wenye Daftari

Kazi ya pamoja vijijini mara nyingi husimuliwa kama jambo la hiari na furaha: watu wanaitana, wanalima, wanakula, wanaimba. Picha hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Anayeitazama nguvukazi kwa makini huona utaratibu mwingine ulio chini ya wimbo. Mkutano wa kijiji hukubaliana kiasi cha kazi. Kiasi hicho hugawanywa kwa vitongoji, na ndani ya kitongoji hugawanywa kwa kaya. Kaya hudaiwa idadi fulani ya ndoo za maji, rundo fulani la mawe au siku fulani za kuchimba msingi. Mwenyekiti wa kitongoji hushika daftari. Asiyefika huulizwa, na kama hana udhuru hutakiwa kulipa kwa fedha au kwa kazi ya siku nyingine. Mgonjwa, mzee na mfiwa husamehewa hadharani, na msamaha huo nao ni sehemu ya hesabu kwa sababu watu wote wanajua ulitolewa kwa nini.

Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa katika utaratibu huu. Kwanza, fungu la kila kaya linaonekana kwa macho: rundo la mawe lipo au halipo. Pili, wanaohesabu ni majirani wanaofahamiana, si mkaguzi kutoka mbali. Tatu, mgawanyo wa mafungu hutangulia kazi. Hakuna anayengoja hadi jengo likamilike ndipo aanze kuuliza nani alifanya nini.

Kilimo cha jembe la kukokotwa na ng'ombe, ambalo limezoeleka sana katika wilaya za Mara, kinatoa mfano mwingine. Plau haiwezi kuendeshwa vizuri na mtu mmoja pale ng'ombe wanapokuwa hawajazoea. Mmoja, mara nyingi kijana mdogo, huongoza mbele; mwingine huwaswaga kwa fimbo; wa tatu hushika mikono ya plau na kulinda kina cha mfereji. Kila nafasi ina kosa lake linalojulikana. Mstari ukipinda, kosa ni la aliyeongoza. Ukiwa wa juujuu, kosa ni la aliyeshika plau. Ardhi yenyewe inabaki na kumbukumbu ya mchango wa kila mmoja, na hakuna haja ya kumtafuta aliyetegea kwa maneno.

Methali za Kiswahili zinashuhudia pande zote mbili za jambo hili. "Kidole kimoja hakivunji chawa" inasisitiza ulazima wa kushirikiana. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" inaweka mpaka wa subira kwa asiyechangia. Si ajabu kwamba Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliitumia methali hii ya pili katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu ujamaa, alipotaka kuonesha kwamba jamii ya jadi haikuwa na nafasi kwa mtu mwenye afya asiyefanya kazi. Kwa hiyo hata katika msingi wa kinadharia wa ujamaa, ukarimu na madai ya kazi vilikwenda pamoja.

3.0 Shamba la Ujamaa na Funzo la Bega kwa Bega

Hesabu hiyo ya kijijini ilipata mtihani mkubwa wakati kazi ya pamoja ilipogeuzwa kuwa sera ya taifa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijiji vilihimizwa kuwa na mashamba ya pamoja. Kati ya mwaka 1973 na 1976, operesheni za kuwahamishia wananchi vijijini zilikusanya mamilioni ya watu katika makazi mapya, na Mkoa wa Mara haukuachwa nje. Ukubwa wa kikundi ulibadilika ghafla. Watu ambao jana walishirikiana kwa koo au kwa ujirani wa miaka mingi walitakiwa kulima shamba moja na mamia ya wengine, na mavuno yagawanywe baadaye.

Katika sehemu nyingi za nchi matokeo yalikuwa hafifu. Wakulima walihudhuria shamba la kijiji, lakini nguvu zao waliziweka katika mashamba ya kaya. Maelezo ya wakati ule yalielekea kulaumu uvivu au uelewa mdogo wa siasa. Hata hivyo, mkulima yuleyule aliyetegea katika shamba la kijiji asubuhi alikuwa akitoka jasho katika shamba lake jioni. Tabia ilifuata mpangilio wa kazi. Ubora wa palizi ya mtu mmoja haukuweza kutofautishwa na wa mwingine katika shamba lisilo na mipaka ya ndani, na mahudhurio ndiyo yaliyohesabiwa badala ya kazi iliyofanyika.

Njia iliyotumiwa kurekebisha hali hiyo inafundisha kuliko kasoro yenyewe. Mashamba ya bega kwa bega yaliweka mazao ya aina moja katika eneo moja kubwa, ili maandalizi ya ardhi, pembejeo na ushauri wa bwana shamba viwe vya pamoja, huku kila kaya ikiwa na kipande chake ndani ya eneo hilo. Ushirikiano haukuondolewa. Kilichorudishwa ni mpaka wa kuonesha fungu la nani limepaliliwa na la nani limeachwa na magugu. Kwa maneno mengine, bega kwa bega ilikuwa jaribio la kuirejesha hesabu ya kitongoji ndani ya mpango mkubwa wa kisasa.

4.0 Kutoka Elimu ya Kujitegemea hadi Azimio la Musoma

Wakati mashamba yakipitia majaribio hayo, shule na vyuo vilikuwa na jaribio lao. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Machi 1967, Nyerere aliukosoa mtihani uliopima uwezo wa kukumbuka na kuandika yaliyokaririwa. Alipendekeza uzito wa mtihani upunguzwe, na uteuzi wa wanafunzi uzingatie pia tathmini ya kazi waliyoifanya kwa ajili ya shule na jamii. Jambo ambalo wasomaji wengi wa waraka huo hulipita haraka ni kwamba tathmini hiyo haikukusudiwa kuwa ya walimu peke yao. Wanafunzi wenyewe walitajwa kuwa washiriki wa kuitoa. Hapo ndipo mwanzo wa wazo la kutathminiana katika falsafa ya elimu ya Tanzania, miaka mingi kabla ya wazo hilo kuwa la kawaida katika vitivo vya uhandisi duniani.

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha maamuzi yanayojulikana kama Azimio la Musoma. Sehemu yake iliyokumbukwa zaidi ni kuharakisha elimu ya msingi kwa wote. Sehemu inayohusu makala haya ni ile ya elimu ya juu: mhitimu wa kidato cha sita hakupaswa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi, na kujiunga kwake na chuo kutegemee pia mapendekezo ya waliomwona kazini. Sambamba na hilo, tathmini endelevu na tathmini ya tabia ziliingizwa katika shule za sekondari.

Kwa mtazamo wa mafunzo ya uhandisi, huu ulikuwa uamuzi mzito. Kwa mara ya kwanza, tabia ya mtu katika kazi ya pamoja ilifanywa sharti rasmi la kuingia chuoni. Mwanafunzi aliyepita katika utaratibu huo alifika darasani akiwa amekwisha kupokea amri, kugawana zana, kungoja zamu na kuishi na wafanyakazi wasio wa rika lake wala wa kiwango chake cha elimu. Manufaa hayo hayapaswi kubezwa.

Lakini chombo cha kupimia kilikuwa na kasoro. Barua ya mapendekezo ilieleza mwenendo wa jumla: mtiifu, mwadilifu, mchapakazi. Haikueleza kazi ipi ilifanywa, na nani, kwa ubora gani. Tathmini ya aina hiyo huacha mlango wazi kwa magonjwa mawili yanayojulikana vyema katika maisha ya ofisi, yaani kulindana na kukomoana. Anayelindwa hupewa sifa asizozifanyia kazi. Anayekomolewa hunyimwa sifa alizozitolea jasho. Aidha, uamuzi ulikuwa mikononi mwa wakubwa wa kazi na viongozi, wakati wazo la mwaka 1967 lilikuwa limewataja pia wenzake mwanafunzi. Utaratibu wa kuchelewesha kujiunga na chuo ulilegezwa katika miaka iliyofuata, ikiwa ni pamoja na kwa wanawake, ambao idadi yao chuoni ilikuwa imeshuka. Utaratibu ulipoondoka, swali lake liliondoka nao: tabia ya kazi ya pamoja ipimwe vipi?

5.0 Kitivo cha Uhandisi na Shule ya Kiwandani

Jibu la kimya kwa swali hilo lilikuwa likiendelea kutolewa mahali pengine. Hadi mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawana taaluma kwa vituo vyake: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam na uhandisi Nairobi. Baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa chuo kamili tarehe 1 Julai 1970, Tanzania ilihitaji kuwaandaa wahandisi wake yenyewe. Kitivo cha Uhandisi kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kikiwa na fani za ujenzi, mitambo na umeme. Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 na ambayo tangu mwaka 1997 ni Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ilikuwa tayari ikiwaandaa mafundi.

Tangu mwanzo, kitivo kiliweka mafunzo kwa vitendo ndani ya shahada. Wanafunzi walipelekwa viwandani na kwenye miradi wakati wa likizo ndefu, na kila mmoja alitakiwa kuandika kazi zake katika daftari la mafunzo na kuwasilisha ripoti. Nchi ilikuwa ikijenga viwanda vya umma, vikiwamo vya nguo vya Mwatex jijini Mwanza na Mutex mjini Musoma, pamoja na reli, barabara na mitambo ya umeme wa maji.

Kiwandani, kikundi kilikuwa na muundo ambao darasa halikuwa nao. Mhandisi, fundi sanifu na fundi mchundo walikuwa na majukumu tofauti kwa jambo moja. Mashine iliposimama, ilijulikana imesimama mikononi mwa nani na inangoja nini. Mwanafunzi aliyekabidhiwa kupima, kuchora au kusimamia hatua moja ya kazi hakuweza kujificha nyuma ya jina la kikundi. Zaidi ya hayo, alijifunza kwamba ujuzi wa fundi mchundo asiye na shahada unaweza kuokoa hesabu ya mwenye shahada. Kwa sababu hizo, makala haya yanayaona mafunzo kwa vitendo kuwa mrithi wa kweli wa nguvukazi kuliko zoezi la kikundi la darasani: fungu lilitangulia kugawanywa, lilionekana, na lilikuwa na wa kulidai.

Mazingira ya mrithi huyo yalidhoofika. Katika miaka ya 1980, viwanda vingi vilifanya kazi chini ya uwezo wake kwa kukosa fedha za kigeni na vipuri. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 ulibadilisha umiliki, na baadhi ya viwanda vilifungwa. Wakati huohuo elimu ya juu ilianza kupanuka. Kitivo kiligeuzwa kuwa Chuo cha Uhandisi na Teknolojia mwaka 2001 ndani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vyuo vingine vya uhandisi vikaongezeka, na idadi ya wanafunzi ikakua kwa kasi kuliko vifaa vya maabara na nafasi za viwandani. Vikundi vikubwa vya darasani vilikuwa suluhisho la uhaba. Wanafunzi wanane walikusanywa mbele ya mashine moja kwa sababu mashine ilikuwa moja. Ufundishaji wa ushirikiano haukuwa sababu. Tofauti hii ni ya msingi: kikundi kilichozaliwa na uhaba kilipewa jina la kazi ya pamoja bila kupewa utaratibu wake.

6.0 Kamba ya Ringelmann

Tafiti zilizofanyika mbali na Mara zinasaidia kueleza kwa nini idadi ya wanane ina madhara. Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, alifanya majaribio katika miaka ya 1880 na kuyachapisha mwaka 1913. Alitaka kujua nguvu inayopatikana kwa watu, wanyama na mashine, jambo ambalo mkulima yeyote wa plau angelielewa. Aligundua kwamba watu wanapovuta kwa pamoja, nguvu ya kila mmoja hupungua kadiri idadi inavyoongezeka. Wawili walitoa wastani wa asilimia 93 ya nguvu ambayo kila mmoja angetoa peke yake. Watatu asilimia 85. Wanane asilimia 49 tu.

Upungufu huo unaweza kuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kukosa mpangilio, kwani wavutaji hawavuti kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ya methali "manahodha wengi, chombo huenda mrama". Ya pili ni mtu kupunguza bidii akijua wapo wengine. Mwaka 1974, mwaka uleule wa Azimio la Musoma, Alan Ingham na wenzake nchini Marekani walizitenganisha sababu hizo kwa kuwafanya washiriki waliofungwa macho waamini kwamba wanavuta na wenzao, ilhali walikuwa wakivuta peke yao. Bidii ilishuka hata hivyo. Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins walithibitisha jambo hilo mwaka 1979 kwa kupima sauti za kupiga makofi na kupaza sauti. Mwaka 1981 watafiti haohao walionesha kwamba mshiriki anapoamini mchango wake binafsi unatambulika, kutegea hutoweka.

Matokeo haya yanaeleza kwa lugha ya maabara kile ambacho daftari la kitongoji lilikwisha kukitekeleza. Pia yanaondoa lawama kwa mwanafunzi kama mtu. Mwanafunzi wa uhandisi anayetegea katika kikundi cha wanane hana kasoro ya kimaadili tofauti na ya wanaume waliovuta kamba ya Ringelmann. Amewekwa katika mpangilio unaozalisha tabia hiyo.

Elimu ya uhandisi duniani ilianza kulishughulikia jambo hili rasmi mwishoni mwa miaka ya 1990, vigezo vipya vya ithibati nchini Marekani vilipomtaka mhitimu aweze kufanya kazi katika timu za fani mbalimbali. Matthew Ohland, Misty Loughry na wenzao walichapisha mwaka 2012 chombo cha wanafunzi kujitathmini na kutathminiana kwa maeneo matano: kuchangia kazi ya timu, kuhusiana na wenzake, kuiweka timu katika mwelekeo wake, kutarajia ubora, na kuwa na maarifa na stadi zinazohitajika. Kila eneo huelezwa kwa matendo yanayoonekana. Kwa hiyo hakimpimi mtu kwa sifa za jumla za mwenendo, kama barua ya mapendekezo ya miaka ya 1970 ilivyofanya.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba kuhesabu mafungu kutaua moyo wa kusaidiana, kila mmoja akabaki na kipande chake na kumwacha mwenzake akwame. Hofu hiyo ina msingi ikiwa kinachohesabiwa ni vipande tu. Lakini hesabu ya kijijini haikuishia kwenye ndoo na mawe. Ilijua pia nani alimbebea mzigo mama mjamzito na nani alimfundisha kijana kupanga mawe ya msingi. Maeneo ya kuhusiana na wenzake na kuiweka timu katika mwelekeo yanaweza kubeba michango ya namna hiyo. Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mazingira yetu ni kulindana: wanafunzi wanaoishi bweni moja, wanaokopeshana na kuheshimiana kwa umri, wanaweza kukubaliana kupeana alama sawa. Dawa yake ni kutotegemea chanzo kimoja. Tathmini ya wenzao inapaswa kusomwa pamoja na daftari la kazi la kila mwanafunzi na maswali ya ana kwa ana kuhusu sehemu aliyoifanya.

7.0 Saini ya Mhandisi

Uzito wa suala hili unaonekana nje ya chuo. Sheria za usajili wa wahandisi za mwaka 1968 na 1997 zinamtambua mhandisi kama mtu mmoja mwenye jina, ingawa hakuna daraja, jengo wala mfereji unaojengwa na mtu mmoja. Mpango wa mafunzo ya uanagenzi kwa wahandisi wahitimu, ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003, unampa mhitimu muda wa kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa. Kwa njia hiyo, taaluma yenyewe imekiri kwamba cheti cha chuo hakitoshi kuonesha mtu anaweza kufanya nini ndani ya timu.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na watu 36 wakapoteza maisha. Baada ya maafa ya namna hiyo, maswali yanayoulizwa ni ya mtu mmoja mmoja: nani alikokotoa, nani alikagua, nani aliona kasoro akanyamaza, nani alisaini. Mwanafunzi aliyemaliza miaka minne akipokea alama za vikundi bila kuulizwa maswali hayo hata mara moja anaingia katika taaluma ambayo itamuuliza siku moja mbele ya kifusi. Kujifunza kusema "sehemu hii niliifanya mimi, na ile ya mwenzangu niliikagua" ni sehemu ya usalama wa umma.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ufanisi wa kazi ya pamoja katika historia ya Tanzania uliambatana na kuonekana kwa fungu la kila mmoja. Nguvukazi ya vijijini ilifanikiwa pale hesabu ilipokuwa mikononi mwa majirani. Shamba la ujamaa lilidhoofika pale mipaka ya ndani ilipofutwa, na bega kwa bega ilijaribu kuirudisha. Azimio la Musoma liliuliza swali sahihi kuhusu tabia ya msomi kazini, lakini likatumia chombo kilichopima mwenendo badala ya mchango. Mafunzo kwa vitendo yalibeba jibu bora zaidi, kisha yakabanwa na hali ya uchumi na ongezeko la wanafunzi.

Kutokana na matokeo hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Mosi, mgawanyo wa mafungu uandikwe na kuwasilishwa kabla zoezi la kikundi halijaanza. Pili, alama ya kikundi iambatane na alama ya mtu binafsi inayotokana na daftari lake, tathmini ya wenzake na mahojiano mafupi. Tatu, ukubwa wa kikundi uamuliwe na idadi ya majukumu halisi yaliyopo, hata pale ambapo uhaba wa vifaa utalazimu vikundi kupokezana zamu.

Mradi wa umwagiliaji katika bonde kama la Bugwema ungekuwa uwanja mwafaka wa kuyajaribu mapendekezo haya, hasa kwa kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kina makao yake Butiama. Banio na mifereji vinamhitaji mhandisi wa ujenzi. Pampu zinamhitaji wa mitambo na wa umeme. Ratiba ya maji inamhitaji mtaalamu wa kilimo. Na wote wanawahitaji wakulima, ambao tayari wanajua jinsi ya kugawana zamu na kumdai aliyeikosa. Katika sehemu hiyo ya mwisho, mwanafunzi ndiye atakayekuwa mgeni, na siku ya tatu atapewa jembe.